Cheo cha Lord Carbery wa Nyeri: kwa nini kilimruka binti, na kwa nini hakikuachika

Msomaji wa Nyeri ameniandikia hivi: "Wazee wetu walikuwa wakimtaja mzungu mmoja wa shamba la Seremai, Lord Carbery, mkulima wa kahawa na rubani. Nimesoma kwamba aliukataa ulodi wake, kwamba cheo chenyewe kilikuwa cha Ireland, na kwamba alipofariki kilikwenda kwa mtoto wa ndugu yake huku binti yake akiwa hai. Mtu anarithishaje kitu alichokwisha kukikataa? Binti kwa nini akarukwa? Na Ireland si jamhuri? Huko ni nani anayewatambua malodi?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu, lakini jibu lake linaanzia mahali pamoja: kwenye karatasi iliyotiwa muhuri wa mfalme mwaka 1715. Aliyebeba cheo hicho Nyeri hakuwa mwenye nacho. Kilikuwa kinapita tu mikononi mwake, na njia ya kupita ilikuwa imekwisha kuchorwa zaidi ya miaka 170 kabla hajazaliwa. Ukilishika hilo, mengine yote yatakaa sawa.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. John Evans-Freke alizaliwa mwaka 1892. Baba yake, Baroni wa tisa, alifariki mwaka 1898, na mtoto wa miaka sita akawa Baroni wa kumi wa Carbery, mwenye kasri la Castle Freke kusini-magharibi mwa Ireland, katika kaunti ya Cork. Akiwa kijana alipenda ndege kuliko mashamba ya ukoo. Mwaka 1914 alikuwa Monaco akishindana katika mbio za ndege za Schneider. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliachana na Ireland, akaja Kenya mnamo 1920, akajiita John Carbery bila cheo chochote, akalima kahawa Nyeri. Ndege aliyorusha Beryl Markham mwaka 1936 kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza kwenda Amerika ya Kaskazini ilikuwa ya Carbery huyu. Alifariki mwaka 1970 huko Afrika Kusini. Muda wote huo, iwe alitaka au hakutaka, kisheria alikuwa bado Baroni wa kumi.

Sasa turudi kwenye karatasi. Vyeo vya ulodi vya Ireland viko katika ngazi tano. Kutoka chini kwenda juu ni baroni, vaikaunti, erli, markisi na duki. Karibu vyote viliundwa kwa hati ya kifalme, na sentensi muhimu kuliko zote katika hati hiyo ni ile inayosema nani atarithi. Kwa kawaida inasema cheo kitakuwa cha fulani "na warithi wa kiume wa mwili wake waliozaliwa kihalali". Kila neno hapo lina kazi. "Wa mwili wake" linamfungia nje mtoto wa kuasili. "Wa kiume" halimkati binti peke yake. Linamkata pia mjukuu aliyezaliwa na binti, hata akiwa mwanamume, kwa kuwa mnyororo umepita kwa mwanamke. "Kihalali" linamkata aliyezaliwa nje ya ndoa. Wanaojua wakfu wataelewa haraka: aliyeweka masharti amekufa zamani, na walio hai wanatii maneno yake.

Hati ya Carbery ya 1715 ilikuwa na nyongeza adimu. Mfalme George wa Kwanza alimpa ubaroni mwanasiasa George Evans, lakini warithi waliotajwa ni wazao wa kiume wa baba yake, naye akiitwa George Evans. Maana yake ni kwamba hata kama uzao wa Baroni wa kwanza ungekauka kabisa, cheo kingeweza kurudi nyuma hadi kwa yule baba na kushuka tena kwa tawi jingine. Wanasheria wa wakati ule walikuwa watu wa kutazama mbali.

Baroni anapofariki, swali haliwi "nani aliyekuwa karibu naye?" wala "marehemu alimtaka nani?" Unarudi juu kwa mtu aliyetajwa katika hati, unashuka kwa wanaume watupu, ukifuata kila mara tawi la mkubwa kwanza mpaka liishe, ndipo uende kwa linalofuata. Mjukuu mchanga wa mtoto wa kwanza humtangulia baba yake mdogo mwenye mvi. Angalia akina Carbery: Baroni wa sita alifariki mwaka 1845 bila mtoto, cheo kikaenda kwa mtoto wa ndugu yake. Huyo naye, Baroni wa saba, alipofariki mwaka 1889 kikaenda kwa mdogo wake. Mwaka 1894 kikashuka kwa mwana wa huyo mdogo, na mwaka 1898 kwa John, yule mtoto wa miaka sita. Mwaka 1970 njia ikapinda tena. John hakuacha mtoto wa kiume, na mdogo wake Ralfe alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo cheo kikamwangukia Peter, mwana wa Ralfe, akawa Baroni wa kumi na moja. Naye alipofariki mwaka 2012, kikashuka kwa mwanawe bila utata.

Kwa hiyo binti hakurukwa kwa hasira ya baba wala kwa hila ya ndugu. Baba angeweza kumwandikia kwenye wosia shamba, fedha na ndege, lakini cheo hakiandikiki kwenye wosia wa mtu yeyote. Naona dhuluma katika jambo hili na sitaificha. Sheria ya mirathi ya Kiislamu humpa binti fungu lake linalojulikana. Hati hizi za kifalme hazimpi chochote. Nchini Uingereza mpangilio wa kurithi taji lenyewe ulibadilishwa kwa sheria ya 2013 ili mkubwa ashike nafasi, awe msichana au mvulana, ila vyeo vya malodi viliachwa vilivyokuwa.

Wewe uliye Kenya una mfano mwingine jirani kabisa. Januari 1941 Josslyn Hay, Erli wa Erroll, alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen, Nairobi. Aliacha mtoto mmoja, binti, Diana. Siku ile ile vyeo vyake viliachana njia. Uerli wa Erroll ni wa Scotland, tangu karne ya 15, na huruhusu mwanamke kurithi. Ukaenda kwa Diana. Ubaroni wa Kilmarnock, ambao ukoo ulipewa mwaka 1831 kwa masharti ya warithi wa kiume, ukaenda kwa Gilbert, mdogo wa marehemu. Marehemu alikuwa mmoja na msiba ulikuwa mmoja, lakini kila cheo kilifuata masharti yake.

Ireland nayo imewahi kutoa hati za kuwafaa mabinti, ila ilibidi mtu ahangaike mapema. Erli wa sita wa Antrim, kutoka ukoo wa MacDonnell wa kaskazini, alijikuta ana mabinti watupu. Hakungoja kufa. Mwaka 1785 alipata hati mpya kabisa ya uerli wa Antrim iliyowataja mabinti zake kuwa warithi. Alipofariki mwaka 1791 uerli wa zamani ulizimika, ule mpya ukaenda kwa Anne Catherine, kisha mwaka 1834 kwa dada yake Charlotte, kisha kwa mwana wa Charlotte. Uerli huo upo hadi leo. Baba wa Nyeri asingeweza kufanya hivyo hata kama angetaka. Cheo cha mwisho kuundwa katika daraja la malodi wa Ireland kilikuwa cha George Curzon mwaka 1898, na tangu hapo mlango umefungwa.

Na kukikataa je? Carbery alibadilisha jina, akaacha kuitwa lodi, akaishi kama raia wa kawaida. Kijamii hiyo ilikuwa haki yake. Kisheria haikugusa kitu. Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka 1963 sheria inayomruhusu mrithi kujivua cheo, lakini inahusu vyeo vya England, Scotland, Great Britain na Ufalme wa Muungano. Vya Ireland havimo. Hata kwa wale wanaoruhusiwa, kujivua ni kwa uhai wa mtu huyo tu. Akifa, mrithi wake anakichukua kana kwamba hakijawahi kukataliwa. Ndiyo maana nasema Carbery hakurithisha kitu alichokitupa. Hakuwa na uwezo wa kukitupa.

Kilichoweza kuua cheo ni kukauka kwa uzao wa kiume, au uhaini. Lodi aliyehukumiwa kwa uhaini alifutiwa yeye na damu yake. Mwaka 1534 kijana Thomas FitzGerald wa nyumba ya Kildare, yenye uerli tangu 1316, aliasi dhidi ya Henry wa Nane. Mwaka 1537 alinyongwa Tyburn, London, pamoja na baba zake wadogo watano. Lengo lilikuwa wazi: nyumba isiwe na mwanamume wa kurithi. Lakini mvulana Gerald, ndugu yake kwa baba, aliponyoka, akafichwa huku na huku na kuvushwa hadi Ulaya bara. Malkia Mary alimrudishia uerli mwaka 1554. Uzao wa kiume wa Gerald ulipokauka, cheo kilipita kwa uzao wa mdogo wake Edward, hadi mwaka 1766 Erli wa ishirini akawa Duki wa Leinster, cheo cha juu kuliko vyote katika daraja la Ireland. Nyumba aliyojenga Dublin, Leinster House, ndiyo leo yenye Bunge la Jamhuri.

Hadi hapa nimesema kana kwamba Ireland haikuwa na utaratibu mwingine. Ulikuwepo, na ulikuwa mkongwe kuliko hati zote hizi. Kwa Wagaeli, wenyeji wa Ireland, uchifu haukushuka moja kwa moja kwa mtoto wa kwanza. Waliostahili walikuwa wanaume wa derbfine, yaani wazao wa babu-mkuu mmoja kwa upande wa baba, na miongoni mwao alichaguliwa anayefaa. Mara nyingi mrithi alichaguliwa chifu akiwa bado hai, akaitwa tánaiste. Angeweza kuwa ndugu, binamu, au mtoto wa ndugu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuwa na mkosi wowote, mradi baba amemkubali mbele ya watu. Utaratibu huo uliepusha nchi kuongozwa na mtoto wa miaka sita. Gharama yake ilikuwa vita vya mara kwa mara kati ya binamu.

Henry wa Nane alitaka kuwageuza machifu hao kuwa malodi. Walisalimisha ardhi na majina yao kwa taji, wakarudishiwa kama zawadi ya mfalme, safari hii kwa hati na kwa urithi wa mtoto wa kiume. Con O'Neill, chifu mkubwa wa Ulster, jimbo la kaskazini, alikwenda Greenwich mwaka 1542, akapiga magoti, akainuka akiwa Erli wa Tyrone. Hati ikamtaja mrithi: Matthew, akapewa ubaroni wa Dungannon.

Hapo ndipo pakatoka moto. Matthew alilelewa Dundalk na mke wa mhunzi, na alikuwa kijana mkubwa mama yake alipomleta kwa Con na kusema huyu ni wako. Con akamkubali, na kwa desturi ya Kigaeli hilo lilitosha. Shane, mwana wa Con wa ndani ya ndoa, alikataa katakata. Aliutumia kila upande kwa manufaa yake: kwa sheria ya Kiingereza, alidai, Matthew si mtoto halali, tena ni mtoto wa mhunzi, na kwa desturi ya Kigaeli, yeye Shane ndiye aliyechaguliwa na watu wake kuwa O'Neill, yaani chifu wa ukoo. Matthew aliuawa na watu wa Shane mwaka 1558, mzee Con akafariki mwaka uliofuata. Januari 1562 Shane alisimama mbele ya Malkia Elizabeth kutetea hoja hizo. Hakupata uerli, na mwaka 1567 akauawa na akina MacDonnell.

Mwisho wake cheo kilimfikia Hugh, mwana wa Matthew. Naye mwaka 1595 alijitwalia jina la O'Neill kwa desturi ya mababu, akiwa tayari amebeba uerli wa Kiingereza. Alipigana na taji hadi 1603, na mwaka 1607 akapanda meli huko Rathmullan pamoja na wakuu wengine wa Ulster, wasirudi tena. Alifariki Roma mwaka 1616. Uerli ulifutwa kwa uhaini, na ardhi za Ulster zikagawiwa walowezi kutoka Scotland na Uingereza. Mwaka 1608 majaji wa Dublin walitamka kwamba desturi ya tánaiste haina nguvu ya sheria. Ninapoisoma historia hii siwezi kuuona urithi wa vyeo kama mchezo wa matajiri. Swali la nani mrithi halali lilikuwa pia swali la nani mwenye nchi, na watu wa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi maana yake.

Kuhusu ushahidi nitataja kesi moja, kwa kuwa inaonyesha neno "kihalali" lilivyoweza kuamua maisha. James Annesley alizaliwa mwaka 1715 katika nyumba ya Baroni Altham. Baba alipofariki, baba mdogo Richard alitwaa vyeo, na mwaka 1728 mvulana akauzwa kwenda Marekani kufanya kazi kwa mkataba wa kitumwa. Alirudi akiwa mtu mzima na kumshtaki baba mdogo mjini Dublin, Novemba 1743. Siku nyingi za ushahidi zilizunguka swali moja: alizaliwa na mke wa lodi, au na Joan Landy, mtumishi aliyemnyonyesha? Majirani, vijakazi na watumishi wa zamani waliapa kila mmoja la kwake. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa James ushindi kuhusu ardhi, lakini vyeo hakuvipata kamwe. Alifariki mwaka 1760. Mkasa haukuishia hapo. Richard naye alipofariki, mwanawe Arthur alitambuliwa na Baraza la Malodi la Ireland kuwa Vaikaunti Valentia, lakini mwaka 1771 Baraza la Malodi la Uingereza likakataa kumtambua kuwa Erli wa Anglesey, kwa kuwa halikuridhika na ndoa ya wazazi wake. Mtu yule yule akawa mtoto halali upande mmoja wa bahari na si halali upande wa pili.

Usidhani pia kwamba cheo huja na mali. Duki wa saba wa Leinster alikuwa mtoto wa tatu, asiyetarajiwa kurithi, na kamari ilimwingiza kwenye madeni. Aliuza haki yake ya mapato ya ukoo kwa tajiri aliyemlipia madeni, naye akabaki na posho ya pauni 1,000 kwa mwaka. Kaka yake mmoja alifariki vitani mwaka 1916 na mwingine mwaka 1922. Uduki ukamjia bila mapato yake, maana yalikuwa yamekwisha kuuzwa, na haukumwacha hadi alipofariki mwaka 1976. Baadaye alitokea mdai kutoka Marekani akisema yule wa 1916 hakufa, bali alihamia California na kuacha uzao. Mwaka 2006 serikali ya Uingereza iliamua dhidi yake, na cheo kikabaki kwa Maurice FitzGerald, Duki wa tisa, mtu aliyefanya kazi ya kubuni bustani.

Limebaki swali lako la jamhuri. Dola Huru ya Ireland ilizaliwa mwaka 1922. Katiba ya 1937, ibara ya 40, inasema serikali haitatoa vyeo vya ulodi, na raia hatapokea cheo cha namna hiyo bila kwanza kupata idhini ya serikali. Haisemi kwamba vyeo vya zamani vimefutwa. Havina nguvu yoyote kisheria, na atakayemwita jirani yake "Lord" huko Cork anafanya hivyo kwa adabu tu. Upande wa Uingereza navyo vilipoteza makali. Muungano wa 1801 uliwapa malodi wa Ireland haki ya kuchagua wenzao 28 wa kukaa London. Baada ya 1922 uchaguzi huo haukufanyika tena, wa mwisho wao alifariki mwaka 1961, na walipodai haki hiyo irudi, madai yao yalikataliwa mwaka 1966.

Kinachobaki ni daftari. Tangu 2004 serikali ya Uingereza huweka Daftari la Malodi, na vyeo vya Ireland vimo. Anayedai huleta vyeti: cha kuzaliwa chake, cha ndoa ya wazazi, cha kifo cha mtangulizi, na kama njia imepinda kwa binamu, vyeti vya kila kiungo, pamoja na ushahidi kwamba matawi ya wakubwa yamekauka. Asiyejiandikisha hatambuliwi kwenye hati rasmi, ingawa haki yake ya damu haipotei.

Machifu wa Kigaeli hawamo katika daftari hilo, kwa sababu hawana hati ya mfalme. Kuanzia miaka ya 1940 ofisi ya nasaba ya Dublin iliwatambua baadhi yao kwa heshima tu, ikifuata mtoto wa kwanza wa kiume badala ya uchaguzi wa derbfine. Mwaka 1992 ilimtambua mtu mmoja kuwa MacCarthy Mór, yaani chifu mkuu wa ukoo wa MacCarthy, naye akaanza kugawa vyeo kwa wageni waliolipa fedha. Mwaka 1999 ilibainika nasaba yake ilikuwa ya kughushi, akaondolewa, na mwaka 2003 serikali ikaacha kabisa kuwatambua machifu. Nalitaja hili kwa ajili ya wasomaji walioniuliza siku za nyuma kuhusu matangazo ya mtandaoni yanayouza "ulodi wa Ireland" pamoja na kipande kidogo cha ardhi. Cheo cha baroni, erli au duki wa Ireland hakiuzwi na hakinunuliki. Ukiletewa cheti cha namna hiyo, usilipe hata shilingi moja.